Mbao za Kisima cha Munje

Nilipokabidhi ufunguo wa kituo, Ijumaa ya tarehe 30 Desemba 1988, ninyi mliobaki mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla ya kompyuta zenye vioo kuletwa Msambweni. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Zimo katika faili langu, na asiyepata usingizi ana ruhusa ya kulisoma. Nitaandika habari za kazi yenyewe, na zaidi za kisima kimoja cha Munje, kwa kuwa wengi wenu mmewahi kuniuliza kwa nini nilikuwa nikiwarudishia kila taarifa iliyokuwa na tarakimu moja tu. Jibu lake halikuwa la kutolewa mlangoni, huku mtu ameshika kikombe cha chai.

Mimi nilisoma ukubwani. Februari 1964, miezi miwili baada ya bendera kubadilishwa, darasa la watu wazima lilifunguliwa karibu na kwetu, nami nikaingia nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Mume wangu, Rashidi, alikuwa mchimba visima. Hakunizuia. Alichofanya ni kuniita "Mwalimu" mbele ya wageni, kwa sauti ambayo wageni hawakujua kama ni ya heshima au ya mzaha. Mimi nilijua: ilikuwa ya vyote viwili. Nilipoweza kusoma gazeti, yeye ndiye aliyelinunua.

Tarehe 3 Oktoba 1966 niliajiriwa katika kituo cha kupima mitetemo ya ardhi. Walitaka mtu anayekaa karibu, anayejua saa na tarakimu, na ambaye hatakimbilia Mombasa baada ya mwezi mmoja. Kituo kilikuwa kibanda cha mawe juu ya mwamba wa matumbawe, kando ya kijiji. Ndani yake mlikuwa na pipa dogo lililozungushiwa karatasi, na kalamu nyembamba iliyochora mstari mchana kutwa na usiku kucha. Ardhi ikitulia, mstari hunyooka. Ardhi ikitikisika, mstari hupanda na kushuka.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Wafula, kijana kutoka bara aliyesomea miamba na hesabu, mwenye heshima nyingi na Kiswahili cha kusikitisha.

"Bi Mwanatumu, hii kazi ni rahisi," aliniambia. "Asubuhi unabadilisha karatasi, unaweka wino, unalinganisha saa na redio. Hiyo ingine yote, usiguse."

"Na nikishikwa na chafya?"

"Toka nje kwanza."

Nilidhani anatania. Wiki ile ile nilichafya ndani, na kesho yake aliitazama karatasi akaniuliza kama nimepona mafua.

Kalamu ile ilisikia kila kitu. Ilisikia lori la minazi, ng'ombe waliopitishwa kutoka Kinango, hata watoto waliocheza nyuma ya ukuta. Kwa hiyo utaratibu wetu ulikuwa kuandika pembeni mwa karatasi, kwa penseli, chanzo cha kila mtikisiko tulioujua: lori, ng'ombe, watoto. Nami niliandika pia neno "vinu", kwa sababu kijiji kile kilipokuwa na shughuli, wanawake walitoa vinu uwanjani wakatwanga mpunga pamoja, vinu vingi kwa mpigo mmoja na kwa wimbo. Ofisi ya Nairobi iliwahi kuuliza kwa barua ni aina gani ya tetemeko inayoitwa vinu. Bwana Wafula aliwajibu kuwa ni aina inayofuatwa na pilau.

Rashidi alipenda kunichokoza jioni tukila.

"Wewe waisikiliza ardhi, mimi naichimba," alisema. "Siku moja itamjibu mmoja wetu."

"Itakujibu wewe. Ndiwe unayeipigia kelele."

Tulicheka. Nayaandika haya kama yalivyosemwa, wala siyapi maana ambayo hayakuwa nayo siku ile.

Rashidi alichimba pamoja na Kassimu, mwana wa ami yake, ambaye mimi nilimwita shemeji. Kazi yao waliigawa tangu ujanani. Rashidi alishuka chini na sururu. Kassimu alibaki juu kuvuta ndoo, na zaidi ya hapo ndiye aliyekinga kuta. Penye mwamba ukuta hujishikilia wenyewe. Penye mchanga, kama kule Munje, lazima kuta zifunikwe mbao, na kati ya ubao na ubao ukazwe mti wa kukingama ili mchanga usizisukume. Kassimu alijulikana kwa kazi hiyo. Watu walisema mbao zake zingeweza kuachwa kisimani hata bila maji, kwa uzuri tu.

Jumanne ya tarehe 23 Septemba 1969, kabla ya adhuhuri, kisima walichokuwa wakikichimba Munje kiliporomoka, Rashidi akiwa ndani.

Siku hiyo nilikuwa kituoni. Alhamisi ingekuwa na arusi, na uwanja ulijaa vinu tangu asubuhi. Niliandika pembeni, "vinu", na karatasi yote ya asubuhi ile ilikuwa msitu wa mistari. Nilikuwa nimekwisha funga mlango niende kuswali waliponijia. Waliniita kwa jina la mwanangu, "Mama Zuhura", wakanyamaza hapo, nikajua.

Wanaume walimtoa baada ya alasiri. Ili kumfikia waling'oa mbao zile kwa mashoka na kwa mikono, wakazirusha juu bila kuangalia. Alizikwa kabla ya magharibi. Kaburini kwetu maiti hufunikwa viunza, mbao zinazozuia udongo usimwangukie. Hapakuwa na muda wa kuchonga mbao nyingine, na zile za kisimani zilikuwa pale pale, za urefu unaofaa. Zikachukuliwa hizo. Hakuna aliyefikiri mara mbili, wala sioni kwamba palikuwa na kosa. Nililijua jambo hilo nikiwa nimekwisha kaa eda, kwa kinywa cha mavyaa wangu, Bi Halima, mama yake Rashidi.

"Amefunikwa kwa mbao za Kassimu," alisema. "Mara mbili kwa siku moja."

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi kama inavyotakiwa, Ramadhani ikapita nikiwa ndani. Nilirudi kazini mwanzoni mwa Februari 1970. Walioniita maskini niliwasahihisha. Nilikuwa mjane, na mjane si aina ya maskini.

Kwa muda niliokuwa ndani, kijiji kilikuwa kimekwisha gawanyika. Wengine walisema Kassimu hakukaza mhimili wa chini, ule mti wa kukingama wa mwisho, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda arusini. Wengine walisema ardhi ilitikisika. Mvuvi mmoja wa Munje aliapa kuwa maji ya ndoo yake yalicheza. Ndugu yake, aliyekuwa kando ya ndoo hiyo hiyo, aliapa kuwa hayakucheza. Kassimu hakupata tena kisima cha kuchimba. Nani angekunywa maji ya mtu ambaye mwenzake alifukiwa kisimani? Alifyeka mashamba ya minazi ya watu, akarudi nyumbani kabla ya giza, akakwepa barabara inayopita msikitini.

Mnaweza kuuliza kwa nini hatukutazama karatasi. Tulitazama. Bwana Wafula alinisubiri nitoke edani ndipo akaifungua mbele yangu. Ni adabu ambayo sikuisahau. Katikati ya ule msitu wa mistari ya vinu palikuwa na mstari mmoja uliopanda kuliko mingine, kabla kidogo ya adhuhuri.

"Hii inaweza kuwa ndiyo," alisema.

"Au ni mwisho wa wimbo."

"Wimbo gani tena?"

Ikabidi nimweleze. Wanawake wa kwetu wakitwanga pamoja, kila mmoja ana zamu yake ndani ya mpigo, ili michi isigongane. Lakini wimbo unapofika mwisho, huinua michi yote juu na kuishusha kwa pamoja, kwa kishindo kimoja, kisha hucheka na kubadilishana. Kishindo hicho nilikisikia mara nyingi asubuhi ile. Bwana Wafula aliinamia ile karatasi kwa kioo cha kukuza mpaka shingo ikamuuma. Mstari wa tetemeko dogo la karibu na mstari wa michi ishirini inayotua pamoja ni ndugu wa tumbo moja. Upande wa pili wa Kwale hapakuwa na kituo kingine wakati ule, na cha Nairobi kilikuwa mbali mno kusikia jambo dogo kama hilo. Tukaiviringa karatasi, tukairudisha rafuni.

Mwaka 1972 Bwana Wafula alirudi kutoka masomoni akiwa na wazo lililomnyima utulivu. Alisema chini ya ardhi yetu, kutoka milima ya Shimba hadi kuelekea mpakani, mna nyufa nyingi za kale katika miamba, na kwamba nyufa hizo hazikai kila mmoja peke yake. Ni mtandao. Ufa mmoja ukiteleza, huweza kumwongezea jirani yake mzigo, au kumpunguzia. Alitaka kuuiga mtandao huo ndani ya kompyuta, kuiachia mashine ipitishe miaka mingi ya uongo, na kuona matetemeko yangetokea wapi.

Sikumwelewa, nikamwambia hivyo. Kesho yake alikuja na vipande vya mawe ya matumbawe na mpira wa ndani wa baiskeli aliokuwa ameukata vipande vyembamba. Aliyafunga mawe kwa mpira, moja kwa jingine, akayapanga juu ya ubao, akanipa ncha ya mpira.

"Vuta polepole, Mama. Niambie jiwe gani litateleza kwanza."

Nilisema la mwisho. Likateleza la katikati, likavuta mengine mawili. Tukayapanga tena vile vile, nikavuta vile vile, likateleza la mwanzo peke yake. Tulicheza hivyo hadi chai ikapoa. Hakuna mara mbili zilizofanana.

"Lakini tumeyapanga mahali pale pale," nilisema.

"Unafikiria ni pale pale. Jiwe limesogea kidogo sana, ama mpira umechoka mahali. Macho haioni. Sasa fikiria ni chini ya ardhi, na wewe hujawahi ona hata jiwe moja."

Hapo nilielewa, na sijawahi kupata mwalimu bora wa jambo hilo kuliko yale mawe.

Kompyuta ilikuwa Nairobi, katika ofisi moja kubwa iliyotukopesha muda ilipokuwa haina kazi zake. Sisi tulikuwa na mashine ya kutoboa kadi, kwa kuwa kompyuta za wakati ule zilisoma matundu. Kila ufa ulikuwa na kadi zake: mahali ulipo, urefu, kina, mwelekeo, na makisio ya mzigo uliokwisha kuubeba. Nilitoboa kadi hizo kwa miaka. Kosa la tundu moja liliwahi kuuhamisha ufa mzima kutoka Lungalunga ukaingia baharini nyuma ya Wasini, na matokeo yake yakapendeza sana hata Bwana Wafula akasikitika nilipoligundua.

Kadi iliyotusumbua ni ile ya mzigo. Urefu wa ufa mtu anaweza kuufuata kwa miguu, mbuzi wakimruhusu. Lakini mzigo ambao ufa umekwisha kuubeba tangu ulipoteleza mara ya mwisho, nani aujuaye? Hatukujua hata uliteleza lini. Kwa hiyo hatukuiendesha mashine mara moja. Tuliiendesha duru baada ya duru, kila duru na makisio mengine ya mzigo, yote yakiwa ni makisio ambayo mtu mwenye akili angeweza kuyakubali. Na kila duru ilileta hadithi yake. Katika moja Kinango ilitikisika na pwani ikalala. Katika nyingine ikawa kinyume. Wakubwa wa wizara walipokuja, waliomba tarakimu moja ya hatari ya tetemeko, ya kuandika katika ripoti. Tuliwapa mbili, ya chini na ya juu, na tukawaeleza kuwa ukweli unakaa mahali fulani katikati. Walitushukuru, wakaondoka na ile waliyoipenda.

Kassimu alisikia habari za mashine. Msambweni ni ndogo, na karani wetu alikuwa na ndugu wengi. Machi 1973 alikuja kituoni, akasimama nje ya uzio. Nilikuwa sijamwona uso kwa uso tangu msiba. Mvi zilikuwa zimemwota upande mmoja.

"Shikamoo, shemeji," alisema, ingawa kwa umri alikuwa mkubwa kwangu. Nilijua kwamba mtu anayejishusha hivyo amekuja na haja nzito.

"Usiniamkie hivyo. Ingia."

"Nasikia mna mashine inayoweza kuirudisha ardhi ya jana."

"Inaiga. Hairudishi."

"Basi iige siku ile. Nataka neno moja tu. Ardhi, au mimi."

Nilimpeleka kwa Bwana Wafula nikiwa na hakika kuwa atakataa. Hakukataa. Alisema mwigo wowote unahitaji kujaribiwa kwa jambo lililotokea kweli, na hili lilitokea. Kisha alichukua penseli.

"Sawa, mzee. Nieleze kisima. Mbao ngapi, miti ya kukingama ngapi, na ya chini kabisa ilikuwa wapi?"

Kassimu alieleza bila kusita, kwa mikono, mpaka mtu angeweza kukiona. Mhimili wa chini aliukaza mwenyewe asubuhi ile, akaugonga kwa nyundo mara tatu, ndivyo alivyofanya siku zote.

Baada ya wiki mbili alirudi kuuliza kama jibu limekuja. Halikuja, lakini Bwana Wafula alikuwa na swali: mhimili ule ulikazwa kabla Rashidi hajashuka, au baadaye?

"Kabla," alisema Kassimu. "Siku zote ni kabla."

"Siku zote, nimesikia. Hiyo siku?"

"Nadhani kabla."

Mara ya tatu alikuja mwenyewe, hajaitwa. Alikuwa hajalala, ilionekana. Alisema anaikumbuka nyundo, anaikumbuka sauti yake, lakini amekinga visima vingi na sauti ya nyundo ni moja. Huenda aliyoikumbuka ni ya kisima kingine. Alisema hayo akitazama chini, kisha akainua uso kwangu.

"Andikeni vyovyote mtakavyoona, shemeji. Mimi nimejichimba mpaka nimefika mwamba."

Bwana Wafula aliliandika jambo hilo kama alivyoiandika mizigo ya nyufa: mhimili upo, na mhimili haupo, duru kwa duru. Nilizitoboa kadi hizo mimi. Sikumpa mwingine.

Majibu yalirudi Juni, furushi la karatasi lililofika kwa basi likiwa limelowa pembe. Katika duru zilizo nyingi, mtandao ulinyamaza siku ile. Katika zilizosalia, ufa mdogo upande wa magharibi uliteleza na mchanga wa Munje ukatikisika. Miongoni mwa hizo zilizotikisika, katika baadhi kisima kilianguka hata mhimili ukiwepo, na katika baadhi kilisimama hata mhimili usipokuwepo. Na katika zilizonyamaza, kisima kiliweza kuanguka chenyewe, kwa kuwa mchanga hauhitaji sababu kubwa. Nilizisoma karatasi zote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha nikazisoma kutoka mwisho. Nilikuwa na haja yangu pia. Mashine haikudanganya hata mahali pamoja. Ilikuwa haijui, na ilisema kwa uaminifu kiasi ambacho haijui.

Nilipomweleza Kassimu, alisikiliza kwa utulivu ulionitia hofu. Kisha alisema neno ambalo alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Zifukuliwe mbao."

"Mbao gani?"

"Wazijua. Mbao zangu ziko juu ya Rashidi. Zikiwa zimevunjika katikati, ardhi ndiyo iliyozisukuma. Zikiwa nzima, ziliteleza tu kwa kuwa mhimili haukuwapo. Zifukuliwe, watu wazione, nami nijue."

Habari hiyo haikuweza kukaa kwetu wawili. Imamu alisema kaburi la Mwislamu halifunguliwi kwa ajili ya mbao, lakini kwa kuwa mwenye kuomba ni ndugu wa damu, familia isikilizwe kwanza, naye ataipeleka kwa walio juu yake kama mama na mjane wote wawili wataridhia. Tukakutana uani kwa Bi Halima, baada ya alasiri, majirani wakiwa wamejaa kuliko ndugu. Nilitakiwa niseme yaliyotoka kwenye mashine. Niliyasema yote, taratibu, kama nilivyoyaandika hapo juu.

Aliyeanza kujibu ni Bi Mashavu, jirani, mwanamke ambaye hakuwahi kuona kimya akakiacha.

"Mashine ya serikali, na umeme wote ule, imeshindwa kusema ndiyo au la?"

"Haikushindwa. Imesema haijui."

"Mganga wa Lungalunga amesema kwa kuku mmoja tu!"

"Amesema nini?"

"Kwamba ni kijicho."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Kassimu peke yake hakucheka. Bi Halima alinyanyua mkono, uani pakanyamaza.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ndiwe unayejua mambo haya. Mbao zikitolewa, zitasema?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo kwa siku nyingi kuliko Kassimu mwenyewe. "Mama," nilisema, "wanaume waliomtoa walizing'oa kwa mashoka. Zilizovunjika, hatujui nani alizivunja, ardhi au wao. Zilizo nzima huenda ni za juu, ambazo hazikuhitaji mhimili ule. Tutamfunua Rashidi, na tutarudi hapa uani tukiwa na maswali yale yale. Mimi siridhii."

"Nami siridhii," alisema Bi Halima.

Kassimu alisimama. "Basi mmenifunga."

"Shemeji, sina neno la kukufunga wala la kukufungua. Ningekuwa nalo ningekupa, lolote kati ya hayo mawili."

"Ungenipa lile baya, ningeshukuru," alisema, akavaa viatu vyake, akatoka.

Sikujua siku ile kwamba watu hawawezi kwenda nyumbani na "sijui" mkononi. Hawana pa kuiweka. Kabla ya wiki kwisha nilisikia maneno yangu yakirudi kwangu yakiwa yamekatwa vipande viwili. Nusu ya kijiji ilisema, hata mke wa marehemu na mashine yake wameshindwa kumtoa Kassimu lawamani. Nusu ya pili ilisema ninamficha shemeji yangu. Hakuna aliyesema nilichosema. Bwana Wafula alipanda juu ya kiti kwenye baraza la chifu akaeleza kwa Kiswahili chake, na mambo yakaharibika zaidi.

Mwaka huo huo Kassimu alihamia Jego, kwa wakwe zake, akalima mpunga. Hakuchimba tena hata shimo la choo, alimlipa mtu.

Sisi tuliendelea. Vituo viliongezwa, kimoja Kinango, kingine karibu na Lungalunga, ambako mbuzi walikula waya mara ya kwanza na ya pili. Mashine zilipata kasi. Bwana Wafula alirudi bara mwaka 1980, na kwenye karamu ya kumuaga alisema Kiswahili chake kimepona, jambo ambalo nalo lina shaka. Watu hudhani kwamba kadiri tulivyopata vipimo vingi, ndivyo majibu yalivyosogeleana. Haikuwa hivyo. Kila kituo kipya kilituonyesha ufa ambao hatukuwa na kadi yake, na kila ufa mpya ulikuwa na majirani. Ile tarakimu ya chini na ile ya juu ziliachana zaidi. Nilipoondoka zilikuwa hazijarudi kukaribiana, na asiyependa kuziona hivyo achague kazi ya kushona.

Septemba 1984 nilipata habari kuwa Kassimu amefariki. Bi Halima alikuwa ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo nilikwenda Jego peke yangu. Nilifika wamekwisha zika. Nilikaa ndani na wanawake, karibu na mkewe, Bi Fatuma, ambaye nilikuwa nimemwona mara chache tu. Alinipa maji mwenyewe, ingawa yeye ndiye mfiwa. Watu walipopungua alinisogelea.

"Dada, naomba unieleze. Mashine ile ilisema nini hasa?"

"Hakukueleza?"

"Alinieleza. Nataka kuisikia kwako."

"Ilisema haijui."

Alitikisa kichwa kwa muda, kama mtu anayepokea kitu chake kilichopotea na kukikuta kimevunjika pale pale alipopajua.

"Wote waliomlaumu walidhani yeye anajua na anaficha," alisema. "Miaka yote ile akisimama shambani ghafla, jembe juu, nilikuwa namwacha. Alikuwa ananyanyua nyundo. Anajaribu kukumbuka kama aligonga. Hata yeye alikuwa hajui, dada. Ndicho kilichomla."

Kisha akaniambia kuwa aliacha wosia mmoja tu: kwamba kaburi lake lifunikwe kwa mawe, lisitiwe ubao hata mmoja. Wakamfanyia hivyo.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaandikia. Ofisini, kabati la kijani, droo ya chini kabisa, mtakuta kisanduku cha kadi kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ni kadi za kisima cha Munje, zenye mhimili na zisizo na mhimili. Mashine iliyoweza kuzisoma iliuzwa zamani kama chuma chakavu. Najua mmoja wenu atafikiri kuzinakili katika mashine hizi mpya, ambazo ni hodari zaidi. Nafasi ikihitajika, hamisheni kabati. Kisanduku kiacheni kilivyo.